Nimeitwa kwenye usaili wa chuo, majibu ninayokariri yananikimbia

Shikamoo Mwalimu,

Nimemaliza sekondari na niliomba vyuo viwili, kimoja biolojia na kingine udaktari. Wiki iliyopita nimepata barua pepe kutoka vyote viwili kwamba nimeitwa kwenye usaili. Nyumbani wamefurahi, simu za pongezi hazikatiki. Mimi tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Kaka yangu, ambaye ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo, ameniandikia daftari zima la maswali na majibu. Maswali sitini. "Jieleze." "Kwa nini umechagua chuo hiki?" "Udhaifu wako ni upi?" Kila jioni ananikalisha anisikilize. Nikiwa peke yangu nayatiririsha yote. Yeye akibadilisha maneno ya swali kidogo tu, naishiwa, nabaki kujiumauma. Jana alikasirika akasema sina nia.

Kuna jambo ambalo hata yeye halijui. Kwenye insha ya kujieleza niliandika kwamba kilichonivuta kwenye biolojia ni kitabu kuhusu bakteria wanaozishinda dawa. Nilikisoma kweli, lakini sura mbili tu, kisha mwenyewe akakitaka. Naogopa wataniuliza kiliishaje.

Halafu matokeo yangu ya kemia yalishuka vibaya mwaka wa tatu. Mama alikuwa mgonjwa na mimi ndiye niliyemuuguza. Sipendi kulizungumza hilo mbele ya watu nisiowajua, ila kaka anasema nilieleze kwa kirefu ili wanihurumie.

Chuo cha biolojia nitasailiwa na walimu wawili kwa video. Cha udaktari wanasema nitapita vituo vinane, kila kimoja na mtu wake, na sijaelewa hata maana yake. Usaili wote ni kwa lugha ambayo nyumbani hatuizungumzi. Kuiandika naiweza, kuiongea napungukiwa na maneno. Tena mimi ni mkimya kwa asili. Nianzie wapi? Na wakinikataa, ndiyo kusema sifai?

Mimi, Mkimya


Marahaba, mwanangu.

Hongera kwanza, wala si hongera ya adabu tu. Walimu wenye madarasa ya kufundisha na karatasi za kusahihisha hawapotezi asubuhi nzima kumsaili mtu ambaye wameshaamua kuwa hawamtaki. Waliokuita wameziona alama zako, na hiyo ya kemia ikiwemo, na bado wanataka kukusikia. Unaingia humo ukiwa umeshavuka hatua moja.

Sasa tulifunge hilo daftari. Maswali ya kaka yako ni mazuri, na mengi yake utaulizwa kweli. Yenye kasoro ni majibu. Nimekaa upande wa waulizaji kwa miaka mingi, na jibu la kukariri hulitambua hata msaili aliyeanza kusinzia. Sauti inapanda, macho yanakwenda darini, na kijana aliyekuwa akiongea vizuri sekunde chache zilizopita anaanza kutoa risala. Mkatize hapo kwa kiswali kidogo, "Ngoja, umesema ulijitolea zahanati, ulikuwa unafanya nini hasa?", utaona hawezi kujibu wala hawezi kuendelea. Anairudia sentensi yake kuanzia neno la kwanza, na sisi mezani tunainamia karatasi zetu kumstahi.

Kwa hiyo kinachokupata mbele ya kaka yako hakina uhusiano na nia. Umelihifadhi jibu kwa mpangilio wa maneno, na neno moja likihama, yote yaliyolifuata yanapotea nalo. Hifadhi mambo, maneno yaache yaje yenyewe. Lichukue swali la "kwa nini biolojia", uandike kwenye kijikaratasi vitu vinne au vitano tu: jaribio moja la maabara ulilolifanya kwa mikono yako, swali ambalo mwalimu hakulimaliza, kitu kilichokushangaza ukaenda kukitafuta mwenyewe. Kisha jibu kwa sauti. Leo anzia huku, kesho anzia kule, keshokutwa anzia mwisho. Jibu likitoka tofauti kila siku na bado likawa la kweli, hapo umeiva.

Kaka yako usimnyang'anye kazi, mbadilishie. Badala ya kukagua kama umekosea neno, awe mdadisi. Kila ukijibu akuulize "kwa nini?" au "nipe mfano", mara mbili tatu mfululizo, bila kukasirika. Mpe na insha yako pamoja na fomu ya maombi, atunge maswali kutoka humo bila kukuonesha. Hizo ndizo hati zako kuu za maandalizi. Kila ulichokitaja pale umewakaribisha wakiulize, hata kile cha kupachika tu ili mstari ujae. Chapisha nakala, pita nayo na kalamu, na kila jina la somo, klabu, mradi au mtu ulilolitaja ujiulize: naweza kulizungumzia hili dakika tatu bila kujirudia? Pale utakapokwama, ndipo pa kusoma usiku huo.

Ndipo tunafika kwenye kitabu. Njia ya mwongo ni fupi, na kwenye usaili hufupika zaidi kwa kuwa anayekiuliza kitabu aghalabu amekisoma, pengine hata anakifundisha. Kitafute leo ukisome chote. Ukikikosa, zirudie hizo sura mbili kwa kumbukumbu na kwa kusoma jambo lenyewe kwingineko, na ukiulizwa sema, "Niliwahi kusoma sura mbili za mwanzo kabla ya kukirudisha, na kilichonikaa ni hiki." Sema kwa sauti ya kawaida, uendelee. Sijapata kuona jopo likimkata mtu kwa kusoma sura mbili. Nimeona wakimkata aliyejifanya amesoma kumi na mbili.

Hicho "kilichonikaa" ndicho watakachokipima, basi kiwe na uzito. Chukulia mfano huu. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928. Alipotoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobeli mwaka 1945, alionya kwamba mtu akitumia dozi pungufu, vijidudu visivyokufa vitaizoea dawa. Ukiishia hapo umetoa habari, na habari wanazo. Songa mbele: "Kama onyo lilitolewa mapema hivyo na mgunduzi mwenyewe, mbona tumefika hapa? Ni biolojia ya bakteria ilituzidi mbio, au ni namna watu wanavyoandikiwa dawa na wanavyozitumia?" Hapo umewapa kitu cha kubishana nacho. Walimu wa chuo wanapenda kubishana, na ukishawafungulia mlango huo dakika kumi zinapita hujui zimepitaje.

Usaili wako wa biolojia, kwa kuwa ni wa walimu wa idara, ndivyo utakavyokuwa kwa sehemu kubwa. Wanajaribu kukuona ukifundishika. Wanakupa jambo ambalo hukulisoma, watazame unalishikaje. Oxford, ambao huwasaili waombaji wao kila Desemba na ambao usaili huo ulihamia mtandaoni mwaka 2020, wamekuwa wakichapisha mifano ya maswali ya aina hii ili watu wasishtuke. Mmoja wa biolojia ni huu: kwa nini wanyama wengi wana mistari mwilini?

Wengi wakiulizwa hivyo wanakimbilia neno moja, "kujificha", kisha wananyamaza kusubiri tiki. Wewe usikimbie. Anza na unaowajua. "Sina uhakika, ila nianze kwa kuwataja: pundamilia, simbamarara, nyigu, baadhi ya samaki na nyoka." Ukishawataja utaona wenyewe hawakai kundi moja. Simbamarara anawinda kwenye majani marefu, kwake kujificha kunaingia akilini. Nyigu hajifichi hata kidogo. Manjano na nyeusi zinapiga kelele, kwa hiyo mistari yake huenda ni onyo kwa anayetaka kumla. Pundamilia anatatiza, maana mbugani anaonekana kwa urahisi. Hapo msaili anakutupia neno: "Nikikwambia kuna majaribio yaliyoonesha kwamba pange na nzi wengine wanaouma hushindwa kutua vizuri kwenye mistari, utasemaje?" Kijana aliyekariri anaona ametegwa. Wewe liokote. "Basi kwa pundamilia huenda faida ni kuepuka kuumwa na magonjwa yanayoletwa na nzi. Ningetaka kujua kama wanaoishi penye nzi wengi wana mistari mingi zaidi kuliko wanaoishi penye nzi wachache." Umebadili mawazo mbele yao, na umependekeza namna ya kulipima wazo lako. Sijui jopo la biolojia ambalo lingetaka zaidi ya hapo.

Angalia kwamba hakuna ukweli mmoja hapo wa kukariri. Kuna kufikiri kwa sauti tu, na hilo hufanyiwa mazoezi. Kila siku okota kitu kimoja, jani, kidonda kinachopona, mkate ulioota ukungu, ujisemee kwa sauti dakika tano kwa nini kiko hivyo. Ifanye kwa lugha ya usaili. Mwanzoni utajiona kichaa, funga mlango.

Lugha sasa. Hawatoi alama za lafudhi. Wanachohitaji ni kukufuata, basi fupisha sentensi na upunguze mwendo. Neno likikupotea, lizunguke: "sijui mnaliitaje, ni ile sehemu ya seli inayotengeneza nishati". Hilo ni jibu la mtu anayeelewa. Watakupa neno lenyewe na mtaendelea. Hukusikia swali? "Naomba urudie." Umelisikia hukulielewa? "Unamaanisha hivi au hivi?" Jifunze sentensi hizo tatu nne hadi zitoke bila kufikiri. Ni kukariri pekee ninakokuruhusu.

Ukimya wako nao hauna ubaya unaoudhani. Anayenyamaza sekunde tano akifikiri, halafu akasema jambo, anawavutia zaidi ya anayeruka kabla swali halijaisha. Ila wajulishe: "Nipeni kidogo nifikirie." Kwenye video hasa, kimya kisichotangazwa hudhaniwa kuwa mtandao umekatika.

Kwa kemia simuungi mkono kaka yako hata kidogo. Huruma haiingizi mtu chuoni, na ukianza kulia utakuwa umeipoteza robo ya muda wako kwa jambo ambalo hukutaka kulisema. Wakiuliza, na huenda wasiulize, una sentensi mbili: "Mwaka ule kulikuwa na ugonjwa nyumbani, mimi ndiye niliyeuguza, na masomo yaliyumba. Mwaka uliofuata nilirudia mada zilizonipita, na alama za mwisho zinaonesha." Kisha funga mdomo. Kama alama za mwisho hazikupanda, sema ulichokifanya na unachoendelea kukifanya. Hulazimiki kutaja ni nani aliugua wala ugonjwa gani, na msaili mwenye adabu hatakufuata huko. Akikufuata, "Ningependa tuishie hapo" ni jibu kamili. Usimtupie lawama mwalimu wa kemia. Hata kama anastahili.

Vituo vya udaktari vinatisha kwa jina tu. Mtindo huo ulibuniwa na Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada, wakaueleza kwenye jarida la elimu ya udaktari mwaka 2004, na tangu hapo umesambaa nchi nyingi. Shida waliyoitaka kuitatua ni hii: ukisailiwa na jopo moja, bahati yako inategemea umewakuta akina nani na wameamkaje. Wakaugawa usaili vipandevipande. Kwa kawaida unasimama mlangoni unasoma karatasi kwa dakika mbili hivi, unaingia, unazungumza dakika saba au nane, kengele inalia, unaenda kwa mwingine. Kila mmoja anakupa alama bila kujua wenzake wamekupa ngapi. Kwa mtu wa aina yako ni neema. Ukiharibu kituo cha tatu, wa cha nne hana habari, mradi usiingie kwake na uso wa cha tatu.

Humo utakutana na mambo mchanganyiko. Pengine mwigizaji amekaa kitini, ni mtu aliyeahirishiwa miadi ya daktari kwa mara nyingine na ana hasira, na kazi yako ni kuzungumza naye. Wengi wanaanza kumweleza taratibu za hospitali. Mwache kwanza amalize. Mwambie unaona kwa nini amechoka, muulize kilichomsumbua zaidi, ndipo mzungumzie la kufanya, na usimwahidi usichoweza kukitimiza. Kwingine utapewa fumbo: mwanafunzi mwenzako amekuambia aliiba mtihani, utafanyaje? Wanaokimbilia "nitamripoti" na wanaokimbilia "ni rafiki yangu" hupata shida ileile, kwani wote wamehukumu kabla ya kuuliza. Katika zile dakika mbili za mlangoni jiulize nani wanaguswa na jambo hili, yeye, wewe, wenzenu, wagonjwa atakaowatibu kesho, na ni kipi usichokijua bado. Ingia uyaseme hayo. Halafu, na hapa wapole kama wewe ndipo wanapokwama, chukua msimamo. "Inategemea" ni mwanzo mzuri na mwisho mbovu.

Ya kamera nayapitia haraka: mwanga uwe mbele yako, simu izimwe, programu ijaribiwe siku moja kabla, na uwe na namba au anwani ya kuwajulisha mtandao ukikatika. Vaa kitu safi ambacho hutakivutavuta. Kijikaratasi mezani kinaruhusiwa kama hawakukataza, ila usikisome. Macho yanayosoma huonekana.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Usiulize kilicho kwenye tovuti yao. Uliza ambalo lingekubadilishia uamuzi: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaingia maabara lini, wanaokwama kwenye somo wanasaidiwaje, ni kipi kinachowashinda wengi mwaka ule. Na ukisikia jibu, liulizie kidogo. Kama siku nyingine chuo kingine kitakutuma kwa mhitimu wao wa kujitolea, kama chuo cha MIT cha Marekani wafanyavyo, ujue huyo huenda hajaiona fomu yako kabisa. Kwake utaanza hadithi mwanzo.

Umeniuliza kama kukataliwa ni kusema hufai. Nikupe kisa kilichochapishwa kwenye JAMA, jarida la udaktari la Marekani, mwaka 1987. Mwaka 1979 chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Texas huko Houston kilikuwa kimeshachagua wanafunzi wake 150, ndipo bunge la jimbo likakitaka kiongeze wengine 50. Wakarudi kuwaokota waliokuwa wameachwa kwenye uchujaji, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya usaili. Baadaye watafiti wakawalinganisha na wale wa chaguo la kwanza, darasani na katika mafunzo ya hospitali. Hawakuona tofauti ya maana. Wasaili tuna macho, lakini hatuoni mbali hivyo.

Ukitoka kwenye usaili wa kwanza, tuma barua pepe ya mistari mitatu kushukuru, usiulize matokeo. Kabla hujalala, yaandike maswali yaliyokushinda ungali unayakumbuka, uyatafutie majibu kesho yake kwa utulivu, maana una usaili wa pili na mengine yanaweza kujirudia humo. Na kama mmoja wao atakukatalia, waulize kama wana desturi ya kutoa maoni kwa waliosailiwa. Vyuo vingine hutoa, na mwaka ujao utajua pa kuanzia.